Hamburg kwa Miguu, Siku Moja: Mwongozo kwa Anayetoka Mbeya, Iringa au Njombe

Watu wengi wa Nyanda za Juu Kusini wanaofika Hamburg, Ujerumani, hufika kwa shughuli: wajumbe wa usharika waliokuja kwa ushirikiano wa makanisa, wanafunzi, viongozi wa AMCOS (vyama vya ushirika) za kahawa waliokuja kuonana na wanunuzi. Ratiba ikiwa na siku moja tupu, mgeni hukimbilia bandarini, akapiga picha na meli, akala mkate wa samaki, na ikifika saa 7 mchana amechoka na mji hajauelewa.

Ushauri wetu ni kuugeuza mwendo. Anzia kwenye ofisi za wafanyabiashara, shuka kwenye maghala, malizia majini. Ukifuata njia hiyo, kila jengo linakueleza la mbele yake: fedha ilitoka wapi, mzigo ulilala wapi, meli ziliondoka na nini. Njia nzima ni kama kilomita 8, karibu yote tambarare, na kwa mtu aliyezoea vilima vya Rungwe au miinuko ya Iringa mjini si kazi ya mapafu. Kazi ni ya nyayo na ya upepo. Tenga saa 8 hadi 9 pamoja na kula na kukaa.

Kabla ya siku yenyewe

Miezi mizuri ni Mei hadi Septemba. Mwezi Juni jua huzama karibu saa 4 usiku, una muda wa kutosha hata ukichelewa kuanza. Desemba ni kinyume: kunapambazuka baada ya saa 2:30 asubuhi na saa 10 jioni giza limeingia. Ukienda majira hayo, anza mara kukipambazuka na upunguze vituo.

Baridi ya Makete au ya Uwanda wa Kitulo mwezi Juni na Julai ni kavu. Jua likitoka unavua sweta. Ya Hamburg ina unyevu na upepo wa mtoni, hata siku ambayo kipimajoto hakitishi. Kinachosaidia si koti moja zito. Vaa tabaka tatu: fulana ya ndani, sweta, na juu yake jaketi jepesi lisilopitisha upepo wala maji, lenye kofia. Jaketi za namna hiyo hupatikana kwenye mitumba ya Mwanjelwa kwa bei ndogo kuliko ya dukani Ulaya. Likague zipu, na mwagia maji kidogo begani uone kama yanateleza au yanaingia. Mwavuli uache, kwa sababu upepo wa mto Elbe unaupindua.

Viatu ndivyo vinavyoharibu siku za watu wengi. Sehemu ya maghala imesakafiwa mawe yenye migongo, na kiatu cha soli nyembamba au kipya kitakutoa malengelenge kabla ya mchana. Vaa viatu vilivyokwisha kuzoea mguu. Vitembeze kwanza huku nyumbani, kutoka Mafiat hadi Uyole, au kutoka Ipogolo ukipandisha mpaka Gangilonga. Vikibana hapo, havifai.

Jumatatu makumbusho mengi hufungwa. Jumapili maduka hufungwa, ila kuna Fischmarkt, soko la samaki la kando ya mto lililokuwapo tangu 1703, linalokwisha saa 3:30 asubuhi. Ukiwa na hiari, chagua Jumanne hadi Ijumaa, kwa kuwa baadhi ya vituo vya asubuhi ni majengo ya ofisi. Pakua ramani ya mji kwenye simu mapema ili usitegemee bando. Beba chupa ya maji. Maji ya bomba ni salama kunywa, na hotelini hawatakuletea maji ya bure mezani. Weka sarafu za yuro kwa ajili ya choo. Ukinunua soda ya chupa ya plastiki, utalipa amana ya senti 25 juu ya bei. Chupa tupu irudishe kwenye mashine ya duka kubwa upate hela yako.

Asubuhi: penye fedha

Toka Hauptbahnhof, stesheni kuu, kwa upande wa kusini. Dakika 10 utafika jengo la Chilehaus. Usilitazame kutoka uwanja wa Burchardplatz tu. Zunguka hadi upande wa mashariki, kwenye kona ya mitaa ya Pumpen na Burchardstraße, usimame mbele ya ncha ya jengo na kuinua macho: ghorofa 10 za matofali ya kuchoma zimekutana kwenye ncha kali, kama omo ya meli. Lilijengwa 1922 hadi 1924 na msanifu Fritz Höger, kwa matofali milioni 4.8. Mwenye jengo, Henry Sloman, alitajirika kwa naitreti iliyochimbwa Chile, iliyotumika kutengenezea mbolea na baruti. Mkulima wa mahindi anayejua bei ya mfuko wa mbolea ya CAN hahitaji kuelezwa zaidi.

Elekea magharibi hadi Große Reichenstraße namba 27. Hapa usipite haraka. Jengo hili, Afrikahaus, lilijengwa 1899 kwa ajili ya kampuni ya meli ya Woermann. Mlangoni imesimama sanamu ya shujaa wa Kiafrika. Ukipita hadi uani utakuta tembo wawili wa chuma wakilinda mlango wa ndani. Ni ofisi zinazofanya kazi mpaka leo, kwa hiyo ingia siku ya kazi, kwa utulivu, na usizuie njia. Meli za Woermann ndizo zilizopeleka askari wa Kijerumani Namibia katika vita vya 1904. Na mwaka 1890, hapa hapa Hamburg, ilianzishwa Deutsche Ost-Afrika-Linie, kampuni ya meli zilizokuwa zikija Tanga na Dar es Salaam. Kwa mtu wa Iringa hii si habari ya mbali: mwaka uliofuata, Agosti 1891, ndipo jeshi la Kijerumani la Zelewski lilipopigwa na Wahehe pale Lugalo. Tembo wale ni wazuri wa kupiga picha, lakini kwanza tazama ukubwa wa ua na wingi wa madirisha. Hiyo ni faida ya safari zile, imesimama wima.

Dakika 5 mbele ni Rathaus, ukumbi wa serikali ya mji, uliojengwa 1886 hadi 1897. Una vyumba 647 na mnara wa mita 112, na wote umesimama juu ya nguzo kama 4,000 za mti wa mwaloni zilizopigiliwa kwenye tope. Ukumbi wa chini huingia bure. Ziara ya ndani inalipiwa, na haifanyiki wakati kuna kikao. Kwa siku moja tunashauri uiache, uingie uani badala yake.

Katikati ya ua kuna chemchemi yenye sanamu ya Hygieia, mungu wa afya wa Wagiriki. Iliwekwa kwa kumbukumbu ya kipindupindu cha 1892, kilichoua watu zaidi ya 8,600 Hamburg. Sababu yake inamhusu kila aliyewahi kuwa kwenye kamati ya maji kijijini. Hamburg ilikuwa ikivuta maji ya mto Elbe na kuyasambaza bila kuyachuja. Wakubwa wa mji waliona gharama ya mtambo wa kuchuja ni kubwa. Altona, mji jirani uliopakana nao nyumba kwa nyumba, ulichuja maji yake ya mto huo huo kwa mchanga. Ugonjwa ulipoingia, uliufuata mpaka wa mabomba: upande wa Hamburg watu walikufa, upande wa Altona walinusurika kwa wingi. Mabishano ya wataalamu kama kipindupindu kinaenea kwa maji au kwa hewa mbaya yalipata jibu mtaani.

Kutoka hapo nenda kusini hadi gofu la kanisa la St. Nikolai. Mnara wake wa mita 147 ulikuwa mrefu kuliko majengo yote duniani kati ya 1874 na 1876. Mwishoni mwa Julai 1943 ndege za Waingereza na Wamarekani ziliushambulia mji kwa mabomu, na watu zaidi ya 30,000 wakafa. Kanisa likabaki kuta na mnara, likaachwa hivyo makusudi. Kuna lifti inayopanda hadi mita 76. Ukipanda hapa, huna haja ya kupanda mnara mwingine leo. Asiyependa lifti atapata mandhari yake alasiri, kwingine.

Mchana: penye mzigo

Teremka Deichstraße. Ni mtaa mfupi wa nyumba za wafanyabiashara wa zamani, na ndiko ulikoanza moto mkubwa wa Mei 1842 uliounguza kama theluthi moja ya mji wa kale kwa siku tatu na zaidi. Watu hupita mbele ya nyumba na kuondoka, na hapo wanakosa jambo lenyewe. Fika mwisho wa mtaa, simama juu ya daraja la Hohe Brücke, ugeuke utazame migongo ya nyumba hizo. Zimeota moja kwa moja kutoka kwenye mfereji. Mfanyabiashara aliishi, akaweka ofisi na ghala mahali pamoja: tishari lilisogea nyuma ya nyumba, mzigo ukavutwa juu kwa winchi hadi darini, na mbele ya nyumba ile ile akapokea wateja. Ukiielewa nyumba moja ya hapa, umeshaielewa Speicherstadt yote, mji wa maghala ulio mbele yako, kwa sababu ni nyumba hiyo hiyo iliyoondolewa mwenyewe na kukuzwa mara mia.

Fuata mfereji wa Zollkanal kuelekea mashariki hadi daraja la Kornhausbrücke. Wanaokukaribisha darajani ni sanamu za Columbus na Vasco da Gama, huyo wa pili ndiye aliyetia nanga Malindi mwaka 1498. Vuka, uko Speicherstadt, mji wa maghala wenye urefu wa kilomita 1.5.

Mwaka 1888 Hamburg iliingia kwenye mfumo wa ushuru wa Ujerumani, lakini ikabakiziwa eneo la bandari huru ambamo mzigo uliweza kukaa, kuchambuliwa na kuuzwa tena nje bila kulipiwa ushuru. Ili kulipata eneo hilo karibu na maji, mitaa miwili ya makazi ilibomolewa na watu kama 20,000 wakahamishwa. Kisha maghala yakapandishwa kwa matofali mekundu juu ya nguzo za mwaloni. Tangu 2015 ni urithi wa dunia wa UNESCO, pamoja na Chilehaus.

Tazama ghala moja tu, kwa makini, kuliko kupitia hamsini. Lina milango pande mbili: mmoja majini, mmoja barabarani. Kwenye kilele cha paa kuna kibanda kidogo cha shaba kilichogeuka kijani. Humo ndimo winchi inakaa. Chini yake milango imepangana wima, ghorofa juu ya ghorofa, ili gunia likipanda lisimamishwe popote linapotakiwa. Kuta nene za matofali hazibadiliki joto upesi, kwa hiyo kahawa, chai, kakao na viungo vilikaa miezi bila kuota ukungu. Gunia la kahawa safi ni kilo 60, kama lile linalotoka kiwandani baada ya kukobolewa Mbozi, na lilihamishwa kwa mikono na winchi, moja baada ya jingine. Leo kontena la futi 20 hubeba magunia 320, yaani tani 19.2, na kreni hulinyanyua kwa mara moja. Hapo ndipo maghala haya yalipopoteza kazi. Mzigo ulihamia ng'ambo ya mto, na humu wameingia makumbusho, ofisi na wauza mazulia.

Kuhusu picha: mahali panapopigwa sana ni daraja la Poggenmühlenbrücke, ukitazama magharibi, mfereji ukigawanyika mara mbili na kijumba chenye mnara kikiwa katikati. Picha hii huharibika kwa sababu moja: maji kupwa. Bahari iko zaidi ya kilomita 100 kutoka hapa, lakini maji hujaa na kupwa mara mbili kwa siku kwa tofauti ya karibu mita 4. Yakipwa unapiga picha ya tope. Tafuta asubuhi kwenye simu saa ya maji kujaa Hamburg. Neno la kutafuta ni Hochwasser. Muda kati ya kujaa na kujaa ni saa 12 na dakika 25 hivi. Kama yanajaa jioni, rudi hapa jioni. Hata boti ndogo za kutembeza wageni kwenye mifereji hutegemea hilo hilo: maji yakiwa machache zinakwama, yakizidi hazipiti chini ya madaraja. Ukiambiwa boti haiendi mfereji wote leo, hujaibiwa.

Rudi magharibi kwa kufuata St. Annenufer na kisha Am Sandtorkai. Namba 36 ni Speicherstadtmuseum, ndogo, sakafu ya mbao, vifaa vile vile vya kazi: ndoano za magunia, mizani, vijiko vya kuchukulia sampuli, meza ya kuchambulia. Kwa mtu wa kahawa tunaiweka mbele ya makumbusho yote ya Hamburg. Miniatur Wunderland, yenye treni ndogo za kuchezea, iko jirani na inapendeza, ila inakula nusu siku na tiketi hununuliwa mapema. Usiiingize kwenye siku hii.

Kehrwieder namba 5 kuna mahali wanapokaanga kahawa mbele ya wateja. Kiongozi wa AMCOS asitoke hapa na kikombe tu. Soma kwenye mifuko: nchi, mkoa, aina ya usindikaji, tarehe ya kukaangwa, bei ya gramu 250. Piga picha ya lebo, baada ya kuomba. Kumbuka kwamba ndani ya bei hiyo serikali ya Ujerumani inachukua kodi ya kahawa ya yuro 2.19 kwa kila kilo iliyokaangwa, kabla hujahesabu kodi ya mauzo, pango, mfuko na mshahara wa mkaangaji. Tofauti kati ya bei ya rafu na bei aliyolipwa mkulima wa Mbozi bado ni kubwa, na inafaa kujadiliwa kwenye mkutano mkuu wa chama. Ijadiliwe kwa tarakimu kamili.

Kula hapa au subiri hadi gati la Landungsbrücken. Chakula cha mkononi cha mji huu ni mkate wenye samaki. Jihadhari na majina: Bismarck ni samaki aliyelowekwa kwenye siki, Matjes amekaa kwenye chumvi, na wote wawili hawajapikwa kwa moto. Asiyezoea aagize Backfisch, samaki wa kukaanga. Kwa Waislamu na Wasabato: soseji nyingi za mtaani ni za nguruwe, neno la kuulizia ni Schweinefleisch.

Alasiri: penye maji

Ukiwa mwisho wa Speicherstadt utaiona Elbphilharmonie, ukumbi wa muziki uliofunguliwa Januari 2017, mita 110, kioo juu ya matofali. Matofali ya chini ni ghala la miaka ya 1960 lililokuwa likihifadhi kakao, chai na tumbaku; kioo kimeketishwa juu yake. Baraza la wazi lililo mita 37 juu, linaloitwa Plaza, huhitaji tiketi ya muda maalumu, kwa hiyo angalia utaratibu na gharama kwenye tovuti yao siku moja kabla. Unapanda kwa ngazi ndefu ya umeme iliyopinda, kisha unazunguka jengo lote nje. Shika kofia. Upande wa kusini ndiko ziliko kreni za makontena. Wanaozungumzia mzigo wa kahawa kila siku wataona hapo unapoteremkia.

Fuata ukingo wa mto kwenda magharibi, dakika 20 hadi Landungsbrücken. Unatembea juu ya ukuta wa kuzuia mafuriko, na upo kwa sababu: usiku wa 16 kuamkia 17 Februari 1962 dhoruba iliusukuma mto ukavunja kingo, watu 315 wakafa Hamburg. Njiani utakutana na mistari ya baiskeli, mara nyingi ya matofali mekundu. Usitembee wala kusimama humo kupiga picha. Waendesha baiskeli hawapunguzi mwendo, na lawama itakuwa yako. Kwenye taa za barabarani nako subiri kijani hata pakiwa hapana gari. Watoto wanatazama, na watu wazima watakusema.

Landungsbrücken ni gati linaloelea. Ukikuta vijia vya kushukia vimeinama sana, maji yamepwa. Vikiwa karibu sawa, yamejaa. Wapiga debe wa boti za utalii wako wengi hapa. Kama miguu imechoka na unataka kuwa mtoni, panda feri ya namba 62 kwenye gati namba 3. Ni usafiri wa kawaida wa mji na tiketi ya siku ya treni na basi inatosha.

Mwenye nguvu aingie kwenye handaki la zamani la Elbe, mlango wake uko chini ya kuba lililo mwisho wa gati upande wa magharibi. Lilifunguliwa 1911 ili wafanyakazi wafike kwenye karakana za meli ng'ambo. Kwa miguu ni bure. Unashuka kwa lifti au ngazi hadi mita 24 chini ya ardhi, unatembea mita 426, unatokea Steinwerder. Ndani ni baridi kila majira, funga jaketi. Kagua kuta njiani: kwenye vigae kuna samaki, kaa, panya, hata kiatu kikuukuu, vyote vimechongwa.

Ukitokea ng'ambo, geuka. Kutoka hapa mji wote uliotembea tangu asubuhi umepangika mbele yako, minara, maghala, kioo. Nyuma yako ni eneo la viwanda vya meli. Meli ya Hermann von Wissmann, ile iliyofanya kazi Ziwa Nyasa na kushambuliwa na Waingereza pale Liuli Agosti 1914, iliundwa Hamburg mwaka 1890 na kusafirishwa vipande vipande hadi ziwani. Watu wa Matema, Mbamba Bay na Kyela wanaohadithiwa vita vile na wazee wao, chombo kile kilianzia safari yake kwenye mto huu.

Kwa wa Iringa mwenye siku ya pili: fuvu la Mkwawa, lililorudishwa Kalenga mwaka 1954, lilikuwa limehifadhiwa kwenye makumbusho ya Bremen, kama saa moja na kidogo kwa treni kutoka Hamburg. Bremen nayo ni mji wa bandari unaotembeleka kwa miguu.

Rudi kwa handaki, kisha panda treni ya U3 kutoka Landungsbrücken kuelekea Baumwall. Nunua tiketi kabla ya kupanda, faini ya kukutwa huna ni yuro 60 na mgeni hasamehewi. Zipo treni za S zinazofika Hauptbahnhof haraka zaidi, lakini hupita chini ya ardhi. U3 hupita juu ya madaraja ya chuma kandokando ya bandari; kaa dirisha la kulia.